Kasi ya mchanuko wa spishi: mbona nkejje ni mamia na kamongo ni sita?

Pale mwaloni Ggaba, kusini mwa Kampala, mgeni wangu kutoka Tanga alirudi nyuma hatua mbili mama muuza samaki alipomwambia, "Karibu mwanangu, nina mamba wa leo leo." Alitazamia meno na magamba. Kumbe mamba wa Waganda ni kamongo, yule samaki mrefu mwenye utelezi, anayepanda juu ya maji kuvuta hewa. Kando ya beseni palikuwa na nkejje, visamaki vya kiganja vilivyokaushwa na kutungwa kwenye vijiti. Watu wa Mwanza huwaita furu.

Kwa samaki hao wawili unaweza kuielewa dhana ambayo wanabayolojia hubishania kila siku: kasi ya mchanuko wa spishi.

Tuanze na hesabu, ni fupi. Spishi moja ikigawanyika makundi mawili yasiyozaliana tena, spishi mpya imezuka. Kiumbe wa mwisho wa spishi akifa, spishi hiyo imetoweka. Chukua kuzuka, toa kutoweka, gawa kwa idadi ya nasaba zilizopo na kwa muda, ambao kwa kawaida hupimwa kwa miaka milioni. Jibu lake ndiyo kasi ya mchanuko. Kile kipande cha "gawa kwa idadi ya nasaba" watu hukisahau, na bila hicho hesabu nzima hupotoka. Ni kama riba ya SACCO. Huwezi kusema akaunti fulani inakua haraka kwa sababu tu imeingiza shilingi nyingi. Lazima uulize mtaji ulikuwa kiasi gani, na umekaa muda gani. Tena hii ni riba juu ya riba, maana kila spishi inayozuka nayo inaweza kugawanyika.

Sasa turudi kwenye beseni. Ziwa Viktoria lilikauka, au karibu likauke lote, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo nkejje wamefikia spishi kama 500. Tukijifanya kwamba zote zimetokana na spishi moja, imebidi idadi ijirudufu, yaani iwe maradufu, mara 9 hivi: mara moja kwa kila miaka 1,700. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, hiyo ni mbio isiyo ya kawaida.

Kamongo je? Nasaba yake ina umri wa miaka milioni 400 hivi, na dunia nzima imebaki na spishi 6: nne za Afrika, moja ya Amerika Kusini, moja ya Australia. Kutoka moja hadi sita, idadi haijajirudufu hata mara tatu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema kamongo ni "kiumbe aliyelala", kwamba mageuko yalimsahau. Mimi silipendi neno hilo. Miamba ina mabaki ya aina nyingi sana za samaki wa ukoo wake, waliowahi kuishi baharini na kwenye maji baridi. Walizuka, wakafa. Kwa hiyo kasi ndogo ya kamongo haitokani na uvivu wa kuzaa spishi. Ni daftari la mazishi lililokaribia kulingana na daftari la vizazi. Ukihesabu walio hai peke yao, nyumba isiyozaa na nyumba iliyofiwa zinafanana. (Kwa binadamu mambo ni kinyume: katika koo za Buganda, Nkejje ni ukoo na Mamba ni ukoo, na Mamba ndio husemwa kuwa na watu wengi kuliko zote.)

Basi nini kiliwapa nkejje mbio? Jibu la haraka ni ziwa jipya lenye nafasi tele, chakula cha kila aina, na wenyeji wachache. Ni kweli, ila halitoshi. Ngege nao ni wa familia ileile ya samaki, na katika ziwa hilohilo wenyeji wao ni spishi mbili tu. Ziwa moja, familia moja, matokeo mbali kabisa.

Utafiti wa jeni umeonyesha kwamba mababu wa nkejje walikuwa mchanganyiko wa nasaba mbili za mito tofauti zilizokutana na kuzaliana, hivyo waliingia ziwani na akiba kubwa ya tofauti za kurithi. Halafu kuna rangi. Katika jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Pundamilia, kwa ajili ya mistari ya ubavuni, kuna spishi ambayo dume wake ni wa buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Ndugu yake ana mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi, ambako mwanga wa buluu haufiki vizuri. Huyo mwekundu alipewa jina nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Majike huchagua dume kwa rangi wanayoiona vizuri, na uchaguzi huo ndio ukuta kati ya spishi hizo mbili. Maji yakichafuka hadi rangi zisionekane, ukuta huanguka na wanachanganyika. Yaani kuzuka kwa spishi kunaweza kurudi nyuma.

Kwa mimea, mfano safi kuliko yote wa kasi mbili tofauti uko New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki. Kichaka kiitwacho Amborella ndicho spishi pekee ya tawi lake. Tawi dada, yaani lile lililotengana nalo kutoka shina moja, ni mimea mingine yote itoayo maua, zaidi ya spishi 250,000, kuanzia matoke hadi mwembe. Matawi dada yana umri sawa, kwa hiyo hapa huwezi kusema mmoja alipata muda zaidi.

Tahadhari moja: kasi ya mlipuko haidumu. Nkejje wangeendelea vile hadi kutimiza miaka 50,000 tangu ziwa lijae, lingekuwa na spishi kama bilioni 1. Nafasi huisha, na kutoweka hufika. Kwa nkejje kulifika mapema kwa mkono wa binadamu: sangara, ambaye Uganda tunamwita mputa, aliletwa ziwani miaka ya 1950, akazagaa miaka ya 1980, na wataalamu hukadiria kwamba spishi kama 200 za nkejje zilipotea.

Mgeni wangu aliishia kununua kijiti kimoja cha nkejje. Kilikuwa na samaki 18. Aliniuliza ni spishi ngapi hapo, nami nikashindwa kumjibu, maana wakishakaushwa rangi zote hupotea.