Kielelezo kinapopotelea njiani

Watu wengi wakisikia "DCI", yaani Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, humwazia mtu anayeamua nani apandishwe kizimbani. Sivyo. Hapa Tanzania upelelezi wa makosa ya jinai ni kamisheni ndani ya Jeshi la Polisi: mkuu wa upelelezi mkoani huitwa RCO, wa wilaya OC-CID, na chini yao askari wapelelezi wanaobeba majalada, yaani mafaili ya kesi. Kazi yao ni kukusanya ushahidi. Kushtaki ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka, na jalada lenye pengo hurudishwa kwa mpelelezi alizibe. Rushwa ina TAKUKURU, dawa za kulevya zina DCEA, mamlaka ya kuzidhibiti.

Mimi huanza kulisoma jalada kwenye hati ya ukamataji mali. Hiyo hujazwa palepale mali ilipokutwa, si kesho yake kituoni: idadi, rangi, namba ya chesisi kama ni pikipiki. Mwenye nyumba anasaini, shahidi huru anasaini, mara nyingi mwenyekiti wa mtaa. Kisha mali hiyo, ambayo sasa ni kielelezo cha ushahidi, inawekewa alama, inaandikwa kwenye rejista, inakabidhiwa mtunza vielelezo. Ikienda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa, kila anayeipokea aache jina, saini, tarehe na saa.

Hati ikisema pakiti 3 na ripoti ya maabara ikasema 4, wakili wa utetezi hana haja ya maswali mengi. Mahakama ya Rufani imekubali kulegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama gari au meno ya tembo. Kwa unga wa dawa za kulevya usitegemee nafuu hiyo.

Maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika mahakamani, nayo yana saa yake. Mtuhumiwa huhojiwa ndani ya saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza ya muda isiyozidi saa 8 lazima itolewe rasmi. Amekamatwa jioni, ameandikwa asubuhi, nyongeza haimo jaladani: maelezo hayo yanaweza kukataliwa hata kama kila neno ni kweli. Inaumiza, hasa kwa aliyetendewa kosa, maana uzembe haukuwa wake.

Wewe uliyeripoti, usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako, na jina la mpelelezi. Uliyepekuliwa, dai stakabadhi ya kila kilichochukuliwa, uhesabu kabla ya kusaini, na penye nafasi tupu kwenye fomu pigwe mstari.