Je, wajua kwanini kule Marekani kasia linasomesha mabinti wengi kuliko raketi?

Ukisikia binti anasomeshwa bure Marekani kwa ajili ya michezo, harakaharaka unawaza basketi, au mbio kama wewe ni wa huku kwetu. Kumbe kwa miaka mingi mchezo wa wanawake uliokuwa na skolashipu nyingi kuliko yote kwenye daraja la juu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, yaani Division I, ni kupiga makasia, ule wa kile kimtumbwi kirefu chembamba watu wanavuta huku wamekupa mgongo kule wanakoenda. Timu moja iliruhusiwa skolashipu 20. Basketi 15, voliboli 12, tenisi 8.

Mchawi ni futiboli ya Kimarekani. Timu moja kubwa ilikuwa na skolashipu 85, zote za wanaume, na kuna sheria inaitwa Title IX ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye chuo chochote kinachokula hela ya serikali kuu, hadi hela za skolashipu zinatakiwa ziendane na idadi ya wanamichezo wa kila upande. Sasa mchezo gani wa mabinti ulikuwa na skolashipu 85? Hakuna, ndo vyuo vikahangaika kutafuta unaomeza watu wengi, makasia yakaokota embe chini ya mnazi. Hata tenisi ya wanaume ilikuwa na 4.5 tu, wakati wanawake 8.

Halafu sekondari nyingi za kule hazina huo mchezo kabisa, kwahiyo makocha wanasaka mabinti warefu wenye pumzi, waogeleaji, wa basketi waliokosa timu, na wengine kasia wanalishika mara ya kwanza wakiwa tayari wako chuo.

Ila usidanganyike na namba bana. Basketi, voliboli, tenisi na jimnastiki skolashipu moja ilikuwa ya mtu mmoja, nzima. Kwingine kocha anakata vipande kama anagawa mkate, soka 14 kwa kikosi cha watu ishirini na kitu, riadha 18 humohumo wa mbio fupi, wa kuruka, wa kutupa na wa nyika. Kwahiyo binti akiambiwa "umepata skolashipu" aulize kwanza, asilimia ngapi, chumba na chakula vimo?

Kwa mabinti wa huku riadha bado ndo mlango, manake saa haina upendeleo, muda uliokimbia Eldoret kocha anausoma akiwa Kansas. Mkenya Sharon Lokedi alisoma hukohuko Kansas, 2018 akawa bingwa wa NCAA mita 10,000, baadaye akabeba marathoni ya New York 2022 na Boston 2025. Netiboli tunayocheza tangu shule ya msingi NCAA haina kabisa, inauma kwa kweli.

Kuanzia msimu wa 2025/26 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakamani vimeondolewa hivyo viwango, sasa kinachobanwa ni ukubwa wa kikosi, makasia watu 68, basketi 15, na kocha anaweza kumlipia kila mmoja, kama hela ipo, na hela nyingi inakimbilia futiboli na basketi ya wanaume.

Na akikuandikia kocha wa Harvard au Yale usimuulize skolashipu ya michezo, Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vinane walimo hao wawili, hawatoi, wao wanasaidia kwa kuangalia uwezo wa familia, hapo andaa makaratasi ya kipato cha wazazi.