Bugando si SAUT, na SAUT si seminari

"Bugando si ndiyo SAUT hiyohiyo?" Swali hili ukikaa Mwanza utalisikia mpaka ulizoee. Halijatoka hewani. Chuo cha tiba pale kilimani Bugando, ubavuni mwa hospitali ya rufaa, kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), yaani chuo kilicho chini yake. Leo ni chuo kikuu kinachojitegemea, CUHAS (Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya), na vyote viwili ni vya maaskofu Katoliki wa Tanzania, ndiyo maana watu wanachanganya. Sasa mzazi ameshuka stendi ya Nyegezi na godoro la mwanawe aliyechaguliwa udaktari, akadandia bodaboda mpaka Malimbe kwa sababu "SAUT ni huko". Kweli ni huko, ila daktari wake anasubiriwa Bugando. Nauli mara mbili, na godoro juu.

Mikoani nako ni vilevile. Ruaha ya Iringa na Mwenge ya Moshi zilikuwa chini ya SAUT, kisha zikawa vyuo vikuu kamili. Stella Maris ya Mtwara na AMUCTA (Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo) ya Tabora ni vyuo vishiriki vya SAUT, na kila kimoja kina nafasi yake kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Soma jina la chuo kwenye barua, usisome la dini.

Na hilo la dini: wapo wanaodhani bila cheti cha ubatizo hupiti getini. Nadhani wanachanganya na seminari ya Nyegezi, ambayo ni sekondari ya vijana wanaoelekea upadri. SAUT inapokea Waislamu, Walutheri na yeyote mwenye sifa za kudahiliwa.

Wengine wanaiita SAUT chuo cha juzi kwa vile kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998. Waandishi wa habari wa zamani watakucheka. Palepale Nyegezi, tangu mwaka 1960, palikuwa na taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa na Askofu Joseph Blomjous wa Wamisionari wa Afrika, na uandishi wa habari ulifundishwa hapo miaka mingi kabla neno SAUT halijatamkwa. Wazee wa vyumba vya habari bado wanasema tu "nimesoma Nyegezi", wakiamini umeelewa.

Mkopo? Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa vyuo binafsi kama SAUT. Omba mapema, na viambatanisho vikamilike.