Oili ya giaboksi ya Land Rover 109: pima kinachotoka kabla ya kujaza

Land Rover Series III 109 bado zinapiga kazi Tabora, zinabeba asali kutoka Sikonge na tumbaku Urambo. Wenye nazo wengi hubadili oili ya injini kwa wakati, giaboksi ikasahaulika. Kazi hii unaimaliza nyumbani kwa asubuhi moja, lakini usiimwage oili chafu bila kuipima. Kiasi kilichotoka kinakueleza hali ya sili (pete za kuzuia oili isivuje) ambazo huwezi kuziona kwa macho.

Chini ya sakafu kuna makasha mawili yaliyoshikana, na kila moja lina oili yake. Giaboksi kuu inachukua lita 1.5, na transfa, kasha la nyuma yake linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, lita 2.5. Dumu la lita 5 linatosha na chenji inabaki.

Oili ni EP90 au 80W-90, na kwenye dumu hakikisha pameandikwa GL-4, daraja la oili ya gia. Muuza spea akikupa GL-5 akisema ndiyo bora zaidi, mrudishie. Hiyo ni nzuri kwa difu, yaani gia za kwenye ekseli. Ndani ya giaboksi hii kuna ringi za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) za madini ya shaba, na dawa kali ya GL-5 inaweza kuzila. Isitoshe, ringi hizo zinahitaji msuguano ili zishike. Zikiteleza, gia inakwaruza kila unapoingiza. Kwenye Series III gia zote nne za mbele zina sinkronaiza, kwa hiyo hasara ni kubwa kuliko kwenye Series IIA, ambayo ina ya tatu na ya nne tu. Wapo pia wanaomimina ATF nyekundu, oili ya giaboksi za otomatiki, kwa sababu waliiona kwenye Land Rover 110. Ile ni giaboksi nyingine, LT77. Usichanganye mambo.

Endesha gari dakika 20 kwanza ili oili ipate moto na ikoroge uchafu ulioganda chini. Kisha liegeshe mahali tambarare. Jeki haihitajiki, 109 iko juu vya kutosha kuingia chini, na gari likiinama kipimo kinakuwa cha uongo. Weka vigingi kwenye magurudumu, usiitegemee hendibreki peke yake: inashika propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), si magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lizunguke na gari linakwenda, hendibreki ikiwa imevutwa vilevile.

Fungua kwanza plagi ya kujazia, ndipo uguse ya kumwagia. Ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, gari limelala hapo hapo. Baadhi ya 109 zina kipimio (kijiti cha kupimia oili) chini ya sakafu ya katikati, nyingine zina plagi ubavuni; angalia yako kabla ya kununua faneli. Makasha ni ya aluminiamu, kwa hiyo tumia spana ya ringi au soketi inayokaa sawasawa, na usifunge kwa bomba refu. Ukiua uzi hapo, unamtafuta fundi wa kutoboa upya.

Mwaga kila kasha kwenye chombo chake kilichopimwa, uache lidondoke nusu saa. Sasa soma. Giaboksi ikitoa lita moja na transfa ikatoa tatu, sili iliyo kati ya makasha hayo mawili imekufa na oili inahama. Transfa iliyozidi hujionyesha mapema: ukifungua plagi yake ya kiwango, oili inaruka. Hiyo oili ya ziada ikipita sili ya nyuma inaingia kwenye dramu ya hendibreki na kulowesha shuu zake. Kukaza kebo hakusaidii, wala shuu mpya hazitadumu kama sili imeachwa. Makasha yote mawili yakitoa pungufu, tafuta inavuja wapi nje.

Rangi nayo inasema. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vumbi la dhahabu linalometa kwenye kidole ni ringi za sinkronaiza zinalika. Vipande unavyovisikia kwa ukucha ni beringi au jino. Hapo kufungua giaboksi hakuepukiki. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa maji, jambo la kawaida kwa gari lililovuka vijito vya Ugalla wakati wa masika. Jaza oili ya bei nafuu ya aina ileile, zungusha kilomita chache, mwaga tena, ndipo ujaze nzuri. Usisafishe kwa dizeli wala mafuta ya taa: yanabaki pembeni na kuilegeza oili mpya.

Weka washa mpya kwenye plagi za chini, funga, kisha jaza. Asubuhi za Juni na Julai oili inakuwa nzito. Liache dumu juani saa moja na itapita kwenye mpira wa kujazia bila kukusumbua. Yenye plagi ya ubavuni, jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu na kuanza kudondoka. Yenye kipimio, fuata alama ya juu. Kuzidisha kunasukuma oili kwenye sili.

Chini ya hausingi ya klachi kuna tundu dogo na plagi ya kuvukia maji. Iweke unapoingia mtoni, ivue ukitoka. Ikibaki, oili inayovuja inajikusanya ndani na kulowesha klachi. Tone linalotoka hapo linuse: harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi, tone jeusi lisilo na harufu hiyo ni oili ya injini.

Baada ya kilomita 50 pima tena makasha yote mawili. Oili chafu weka kwenye dumu lenye kifuniko upeleke gereji. Watu huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Basi isiwe karibu na kisima wala kwenye mti wenye mizinga.