Je, wajua kwa nini ndege wa vinamasi vya bahari hula kwa saa ya maji?

Pita na mtumbwi kwenye hori la kinamasi wakati maji yamejaa, na huenda usione zaidi ya ndege mmoja wawili. Rudi kwenye kona ileile baada ya saa tatu, utawakuta tele: yangeyange, kongoti, sululu, na vitwitwi wakikimbia juu ya tope. Hawajatoka mbali. Walikuwa wamejibanza mahali pakavu, wakingoja tope lifunuke.

Chakula chao kimo humo topeni: minyoo, kaa wadogo, kome. Maji yakiwa mengi, miguu ya kitwitwi haifiki chini. Tope likikauka mno, minyoo huzama ndani zaidi. Pazuri ni pale ukingoni mwa maji, na ukingo huo hautulii, kwa hiyo ndege huufuata hatua kwa hatua. Sehemu nyingi, kati ya maji kujaa na kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25, hivyo muda wa kula husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Maji yakipwa usiku wa manane, wengi hula usiku wa manane.

Gizani wanaonaje? Vitwitwi na sululu hawategemei macho peke yake. Ncha ya mdomo ina vijitundu mfupani vilivyojaa neva, na wengine wanaweza kufungua ncha hiyo tu ikiwa imezama topeni, mdomo uliobaki ukiwa umefumba. Mtazame sululu akimpata mnyoo: humvuta polepole asikatike, humsuuza majini, ndipo ammeze. Yangeyange yeye hutikisa mguu mmoja majini ili samaki washtuke watoke mafichoni. Ukiwa umekaa chini mtumbwini, mambo haya unayaona kwa ukaribu ambao mtu wa miguu haupati, maana ndege huhofia zaidi umbo la mtu aliyesimama na mikono inayorushwarushwa.

Mimi napenda kuingia maji yakiwa yameanza tu kujaa. Ukiingia yakipwa unaweza kukwama topeni kwa saa kadhaa; yakijaa, ukikwama yanakuinua. Halafu maji yenyewe ndiyo yanayowasukuma ndege kuja upande wako. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanakwenda kasi, basi kuwa macho.

Lakini usiwaelekee moja kwa moja. Pita kwa mshazari. Hasa waheshimu waliopumzika, kwani kila wanaporushwa hupoteza mafuta wanayoyaweka kwa ajili ya safari. Na safari zenyewe si ndogo: mwaka 2022, ndege mmoja wa jamii ya sululu, aliyekuwa na umri wa miezi mitano hivi, alifuatiliwa kwa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita zipatazo 13,560, siku 11 bila kutua.

Kwa hiyo angalia vichwa. Kimoja kikiinuka, punguza kupiga kafi. Vikiinuka vyote kwa pamoja, umekaribia mno: laza kafi magotini, kaa kimya, uache mkondo ukupitishe mpaka midomo irudi topeni.