"Breki zilifeli": nani alipe?

"Breki zilifeli." Katika faili za ajali za malori zinazofika mezani pangu, mimi wakili wa kesi za fidia hapa Nakuru, hayo ndiyo maelezo ya dereva ninayoyakuta mara nyingi zaidi. Polisi huyaandika, jamaa wa marehemu huyakubali kwa machozi kama kudra ya Mungu. Mimi huuliza: lori lilikuwa kwenye gia gani?

Chukua mteremko mrefu wa kutoka Sachang'wan kushuka Salgaa, mahali ambapo barabara ya Eldoret imemeza watu wengi mno. Pale Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana wakafa watu zaidi ya 30. Kwenye miteremko kama ule, kuna madereva wanaotoa gia na kuliacha lori literemke lenyewe ili wabane dizeli. Injini ikiwa kwenye gia huwa inalizuia lori. Gia ikitoka, uzito wote, ambao kwa trela lenye mzigo hufika hata tani 50 na zaidi, unaziangukia breki peke yake. Zinachemka, na zikishachemka hazishiki tena, hata dereva akanyage kwa miguu miwili. Kwa hiyo breki "zilifeli" kweli, ila ajali ilianza kilomita kadhaa nyuma, mkono ulipotoa ile gia.

Na mkono ule unasukumwa na mtu. Dereva anayepimiwa lita za safari, au anayelipwa kwa safari badala ya mwezi, ana kila sababu ya kubana mafuta na usingizi. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Sasa piga hesabu: Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na kasi ya juu ya lori ni kilomita 80 kwa saa. Hata asisimame kunywa chai, ni zaidi ya saa 11. Tajiri anayemtuma dereva mmoja na kumwambia kontena lifike kesho amemwagiza avunje sheria, na hilo linaniudhi kuliko makosa mengi ya dereva mwenyewe.

Ndiyo maana katika kesi ya fidia simshtaki dereva peke yake. Akiwa kazini kwa tajiri, uzembe wake unambana tajiri pia. Mwenye jina kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, huhesabiwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wapo wanaojitetea kwamba gari waliliuza zamani, hivyo tunatafuta pia lilikuwa linamfanyia nani kazi siku ile. Jambo moja watu hulisahau: kichwa na trela husajiliwa mbali mbali, na vinaweza kuwa vya watu wawili. Piga picha nambari zote mbili. Ya trela huanza na Z.

Bima ya lazima ya gari, chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Kinachozidi hapo kinadaiwa kwa mmiliki. Kesi ya madhara ya mwili ina miaka 3 kufunguliwa. Usingoje kesi ya trafiki iishe, kwa sababu hizo ni njia mbili tofauti, na nimewapokea wajane waliokaa wakisubiri hukumu ya dereva hadi muda ukawaponyoka.

Siku hizi malori mengi yana traka inayorekodi kasi na mahali gari lilipokuwa kila dakika. Kumbukumbu hizo ziko mikononi mwa tajiri, na hazikai milele. Familia ikija kwangu kabla hata matanga hayajaisha, barua ya kwanza ninayoandika huwa ya kumtaka azihifadhi.