Kwa nini picha ya ubongo yaweza kuonekana nzuri ilhali shanti imeziba?

Mtoto mwenye shanti, ule mpira unaotoa maji ya ubongo na kuyashusha tumboni, anaamka akitapika, kichwa kinamuuma, anasinzia ovyo. Anapigwa CT scan, na vyumba vya maji ndani ya ubongo havijapanuka. Wengi huhitimisha hapo hapo kwamba mpira ni mzima. Ni kosa la hatari.

Kwa watoto wengi mpira ukiziba maji hujaa, vyumba vikapanuka, na picha ikaonyesha. Lakini wapo, hasa waliokaa na shanti miaka mingi, ambao vyumba vyao havipanuki hata presha ya maji ndani ya kichwa ikipanda. Chukua tyubu ya baiskeli. Ijaze upepo ikiwa nje, utaiona inafura. Ikiwa ndani ya tairi, kila pampu huongeza ugumu, si ukubwa. Tairi lililojaa sawasawa na lililokaribia kupasuka, ukiyapiga picha, yanafanana. Picha hupima ukubwa, haipimi presha. Kwa nini kuta za vyumba hukakamaa hivyo, wataalamu bado wanabishana.

Basi picha ya leo ilinganishwe na ya siku mtoto alipokuwa mzima. Chumba kinachoonekana cha kawaida leo huenda zamani kilikuwa ufa tu, kumbe kimeshapanuka. CD ya picha ya zamani itunzwe kama kadi ya kliniki.

Eksirei ya kichwa, shingo, kifua na tumbo hutafuta mpira uliokatika, uliochomoka kwenye vali (kidude cha shanti kinachodhibiti maji yanayopita), au uliopungukiwa urefu mtoto alipokua. Kuziba haioni, na kuziba kwa ncha ya juu, iliyo ndani ya ubongo, ni hitilafu ya kawaida sana. Tena vali nyingine zina kipande kisichotokea kwenye eksirei, kikadhaniwa kimekatika. Na la ajabu: mpira uliokatika kweli waweza kuendelea kupitisha maji kwa muda, kupitia kovu lililouzunguka.

Kichanga mwenye utosi wazi hutoshwa na ultrasaundi. Mkubwa, MRI ya haraka, picha inayopigwa kwa sumaku, huchukua dakika chache, bila mionzi na mara nyingi bila dawa ya usingizi. Ila vali inayorekebishwa kwa sumaku ikaguliwe baadaye, maana kipimo chake huweza kuhama.

Dalili zikibaki na picha haisemi kitu, daktari wa upasuaji wa ubongo huweza kuchoma sindano nyembamba kwenye kijihifadhi cha maji cha shanti, kilicho chini ya ngozi ya kichwa. Hapo presha hupimwa yenyewe, na maji yakikataa kutoka, ncha ya juu ndiyo hushukiwa kwanza.